Mtaa Usioachana

Ukiolewa na mwanamume anayeitwa Kesho, usitegemee kuachika leo. Mshonaji alilijua hilo, ndiyo maana Jumatatu asubuhi alikwenda kumgongea mumewe mlango mapema, akamnyooshea shati, akamfunga vifungo vyote mpaka cha kooni, akamshika kiwiko na kumpeleka kwa Mwenyekiti wa mtaa kama mama anayempeleka mtoto kuchanjwa.

Kesho hakukataa. Kukataa hakukuwa tabia yake. Katika miaka kumi na miwili ya ndoa hakuwahi kukataa jambo hata moja, ila pia hakuwahi kulitenda siku alipoombwa. Kuhusu talaka alikwisha sema, "Sawa mke wangu, ukiona hivyo ni vyema, basi," kisha akalala. Sasa alikuwa amepata kazi ya upishi kwenye meli ya mizigo, mkataba wa miaka mitatu. Meli ilikuwa inaondoka Ijumaa saa sita mchana. Na sheria ilitaka wote wawili wasimame mbele ya karani wa msajili, siku moja, wakati mmoja, mkononi wakiwa na barua ya mwenyekiti wa mtaa wanakoishi. Ijumaa ikipita, Mshonaji angekuwa mke wa bahari kwa miaka mitatu.

Sebuleni kwa Mwenyekiti makochi bado yalikuwa na nailoni ya dukani, ukikaa yanalia, ukiinuka yanakushika. Ukutani kulikuwa na cheti chenye fremu ya dhahabu: MTAA WA MFANO WA NDOA. Chini yake vingine vinne vinavyofanana nacho, mwaka tu ndio uliobadilika.

"Shikamoo Mwenyekiti."

"Marahaba wanangu. Kaeni, kaeni. Mmependeza! Mmekuja kunialika?"

"Tumekuja kuomba barua," Mshonaji akasema.

"Ya nini?"

"Ya talaka."

Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa kola iliyonyooka. Alisimama, akafunga dirisha, akarudi kukaa. Kochi likalia kwa niaba yake.

"Binti yangu, hilo neno halitamkwi karibu na barabara."

"Hatujagombana, Mzee," Kesho akaingilia kwa upole. "Tumekubaliana."

"Ndiyo balaa lenyewe! Mkigombana nawasuluhisha. Sasa mmekubaliana, mimi nisuluhishe nini?" Akamgeukia Mshonaji. "Amekupiga?"

"Hapana."

"Ana mwanamke?"

"Huyu? Mwanamke atamwambia aje saa ngapi?"

"Basi kakukosea nini?"

Mshonaji akatazama mikono yake. Hilo ndilo swali lililomtoa jasho kila nyumba, kwa sababu jibu lake, ukilitaja, linaonekana dogo. "Nilifanyiwa upasuaji wa tumbo. Nikaruhusiwa asubuhi. Nilimsubiri pale nje mpaka mlinzi akafunga geti. Akaja siku ya pili, kaniletea kandambili."

"Si alikuja?" Mwenyekiti akauliza kwa matumaini.

"Nilidhani wodini watakulaza siku moja zaidi," Kesho akasema, akainamisha kichwa. Alikuwa anaona aibu kwa kweli. Hata aibu yake ilikuwa imechelewa mwaka mzima.

Mwenyekiti akavuta pumzi, akainama mbele kama mganga anayetoa siri ya dawa. "Nisikilizeni. Alhamisi anakuja Bwana Hesabu wa halmashauri. Mwaka jana, mtaa wa chini, talaka arobaini na moja. Sisi huku juu, sifuri. Sifuri, wanangu! Mnajua ugumu wa kutunza sifuri? Arobaini na moja ukiiongeza moja, nani ataona? Sifuri ukiiongeza moja, imekufa."

"Na mimi je?"

"Wewe utasubiri. Miaka mitatu nini? Mke wa mwenye duka la mabati, mumewe yuko safari mwaka wa kumi na nne huu, na ndoa yao imara kama zege."

"Mwenyekiti, mumewe anauza betri pale ng'ambo ya daraja. Namwona kila nikienda kununua uzi."

"Safari fupi nayo ni safari."

Mshonaji akainuka, nailoni ikambana gauni. Mwenyekiti akamshika mkono, akamwangalia kwa huruma ya kweli, maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye sifuri tu.

"Usiwe na haraka. Kama umeshindwa kabisa," akashusha sauti, "si uhame kidogo?"

Mtaa mzima ulijua kuhama kidogo. Mtu alichukua begi na mto, akavuka daraja kwenda mtaa wa chini, akakaa siku chache, hata wiki, kwa jamaa au katika chumba cha kupanga. Majirani waliambiwa kaenda kumuuguza shangazi. Akirudi, shangazi kapona na yeye kapungua kilo mbili, na hakuna aliyeuliza zaidi. Mshonaji alikuwa amewaona wengi wakienda kuuguza. Hakuwahi kujiuliza mbona mashangazi wote wa mtaa huu wanaugulia upande mmoja.

Mwenyekiti hakusubiri jibu. Alifungua mtoto wa meza, akatoa karatasi iliyokwisha pigwa mhuri, pakiwa pamebaki nafasi ya jina tu.

"Barua ya kuhama hiyo naweza," akasema, akaandika kwa mwandiko mzuri wa ubaoni.

*

Nyumbani kwa wazazi, alikorudi na cherehani yake mwezi uliopita, Mshonaji alimkuta mama yake anapepeta mchele na baba yake kakaa barazani na lenzi jichoni, anachokonoa tumbo la saa ya mtu. Fundi Saa alikuwa mtu wa maneno machache. Watu walisema saa zimemfundisha: zikisema sana ujue mbovu.

"Kasemaje?" mama akauliza bila kuinua macho.

"Kasema nihame kidogo."

Ungo ukasimama hewani. Kisha ukaendelea. "Kwa nini usivumilie kidogo? Nako ni kidogo. Mume hanywi, hapigi, hatukani."

"Mama, mwenye vile vyumba vya sokoni amekataa kunipangisha chumba cha kushonea. Anataka saini ya mume. Nikamwambia mume yupo. Akasema mlete. Miezi mitano namleta. Sasa anapanda meli. Nitasema nini, nisubirini miaka mitatu vitambaa vyangu vikiliwa na panya?"

"Heshima ya mwanamke ni kustahimili. Mimi na baba yako miaka thelathini na nane tuko humu humu."

Barazani kitu kidogo cha chuma kilianguka sakafuni. Fundi Saa akapiga magoti kukitafuta, akakitafuta muda mrefu kuliko ukubwa wa baraza.

"Huku juu hatuachani," mama akamalizia, akapuliza makapi. "Waachie wa chini."

*

Jumanne Mshonaji alivuka daraja. Mtaa wa chini ulikuwa na kila alichokatazwa tangu utotoni: muziki mchana kweupe, wanawake wenye nywele rangi ya kutu, wanaume wanaofua. Mwenyekiti wao alikuwa mwanamke, msusi, na ofisi ya mtaa ilikuwa humo humo saluni kwake, mhuri ukikaa kikombe kimoja na vitana. Alipofika, Msusi alikuwa na kichwa cha mteja magotini, akisuka kwa kasi ya mtu anayefunga mzigo.

"Karibu mdogo wangu. Kuosha, kusuka au kuachika?"

Mshonaji akashtuka. "Umejuaje?"

"Begi dogo, barua ndani ya bahasha ya kaki, na unatazama nyuma kama umeiba kuku. Wewe ni wa juu." Akanyoosha mkono wenye mafuta, akaisoma barua, akairudisha. "Pole. Mwaka huu hatupokei."

"Hampokei nini?"

"Talaka za watu."

Mteja aliyekuwa chini ya mikono yake akacheka mpaka akavutwa nywele. Msusi hakucheka. Alifuta vidole kwenye khanga kiunoni, akachukua daftari jeusi juu ya kikaushia nywele, akalifungua mbele ya mgeni.

"Haya, wewe unaonekana umesoma. Hili daftari la wanaohamia. Mwaka jana tulihesabiwa arobaini na moja. Tukaitwa kwenye mkutano, tukaambiwa sisi ni wahuni, ndoa zetu kama vocha, ukikwangua tu imekwisha. Wakatuletea semina. Jumamosi kumi na mbili! Unajua aliyekuja kutufundisha kusameheana? Mwenyekiti wenu. Anachora mchoro wa moyo ubaoni, kumbe barua zake thelathini na tatu ziko kwenye kabati langu."

"Thelathini na tatu?"

"Kati ya arobaini na moja. Zetu sisi wenyewe ni nane. Nane, mdogo wangu, na wawili kati ya hao wamesharudiana, wananisumbua na muziki." Akapekua kurasa. "Huku watu hawaoani ovyo. Mtu anamjua mwenzake mpaka kipele cha mgongoni ndipo anakwenda kwa msajili, ana miaka thelathini na kitu, kazi anayo, akili imetulia. Nyinyi mnaonyeshwa picha, wiki ya pili mnapikiana, ya tatu mnashangaana. Halafu mkishangaana mnakuja kwangu. Nimechoka kuwa jaa la ndoa zenu."

Mshonaji mwenyewe aliolewa kwa picha, tena ya pasipoti. "Dada yangu, nakuomba. Ijumaa anaondoka. Niandike tu, mimi mmoja."

"Wote mnasema mimi mmoja." Sauti ya Msusi ilikuwa imelainika, lakini mkono ulikuwa umeshafika kwenye kikombe na kusogeza mhuri mbali. "Ningekuwa mimi tu, ningekugongea hata kwenye paji la uso. Lakini kina mama wa huku wameapa, hawakai tena Jumamosi moja kwenye viti vile. Angalia mwenyewe uone tulivyobebeshwa, miaka na miaka."

Akamsukumia daftari, akarudi kwenye kichwa cha mteja. Mshonaji akafunua kurasa kwa heshima tu, kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi ya watu asiowajua. Ila hawa aliwajua. Mke wa muuza mkaa. Mwalimu wa kwaya. Dada wa mwenye mashine ya kusaga. Akarudi nyuma zaidi, miaka mitano, minane, kumi na moja. Hapo kidole chake kikasimama.

Lilikuwa jina la mama yake. Amehamia Alhamisi, ameondoka Alhamisi iliyofuata. Safu ya sababu imeandikwa: kuuguza.

"Vipi, umeona jini?" Msusi akauliza.

"Nimeona jirani," Mshonaji akajibu, akalifunga daftari kwa mikono miwili.

*

Mama yake alikuwa anaanua nguo. Mshonaji akashika ncha ya pili ya shuka, wakaanza kukunja, wakisogeleana na kuachana kama wacheza ngoma. Walipokutana mara ya tatu, vidole vikigusana, akasema:

"Mama. Shangazi uliyemuuguza, alipona?"

Mama hakuliachia shuka. Alitazama barazani. Fundi Saa alikuwa kaweka saa sikioni.

"Nani kakwambia?"

"Daftari."

"Yule msusi hajui kuchoma vitu?" Akalivuta shuka, akalikunja peke yake, vibaya. "Haya. Umejua. Unataka nilie?"

"Nataka kuelewa. Mnaishi nyumba moja! Mnakunywa birika moja! Mimi najua baba amehamia chumba cha nyuma kwa sababu anakoroma."

"Anakoroma pia." Mama akakaa kwenye beseni lililogeuzwa. "Tulikuwa tunagombana, wewe ulishaolewa hukuyaona ya mwisho. Asubuhi mpaka jioni. Kuhusu chumvi, kuhusu redio, kuhusu namna ninavyofunga mlango. Nikahama kidogo. Tukaenda kwa msajili, tukatia saini, kila mtu akawa huru. Tukatoka nje, mvua. Mwavuli mmoja, wa kwake. Akanifunika. Tukavuka daraja kimya kimya. Tukafika hapa mlangoni, kila mmoja anamsubiri mwenzake aseme anakwenda wapi. Hakuna aliyekuwa na pa kwenda. Na tukionekana mmoja anatoka na godoro, mtaa utasemaje? Nikaingia, nikapika chai. Akachukua mto wake, akaenda chumba cha nyuma."

"Na ugomvi?"

"Ukaisha siku hiyo hiyo." Mama alilisema kwa mshangao, kama bado anachunguza ulikopotelea. "Si mume wangu, nitamgombeza kwa haki gani? Na yeye akitaka chumvi anasema tafadhali. Miaka kumi na moja, tafadhali na asante. Baba yako ni jirani mzuri sana, mwanangu. Kama mume alikuwa mzigo."

Mshonaji akaanza kucheka, kisha akakuta ni machozi, kisha akawa hajui. "Halafu ukaniambia nistahimili! Jana tu! Heshima ya mwanamke!"

"Ulitaka nikwambie nini? Ningesema achana naye ungeuliza nimejuaje."

"Mama, wa chini wamenikataa. Mwenyekiti hatatoa barua mpaka Alhamisi ipite, na Ijumaa asubuhi atasema subiri nipige mswaki. Sina mlango." Akafuta uso kwa pindo. "Ningeweza kusimama Alhamisi mbele ya huyo Bwana Hesabu nikasema yote niliyoyaona kwenye lile daftari. Sifuri ingekufa, barua ningeipata. Lakini siwezi. Ni watu thelathini. Na ni wewe."

Mama akalikunjua shuka, akaanza kulikunja upya. Barazani saa ikaanza kupiga, ikapiga saa tisa wakati ilikuwa saa kumi na moja. Fundi Saa akaitukana kwa sauti ya chini.

"Usimtaje mtu," mama akasema mwishowe. "Siri ya mtu ni ya mtu. Nenda kamalizie suruali ya yule mteja wako bwana harusi."

*

Alhamisi Bwana Hesabu alifika saa tatu kamili. Miaka yote halmashauri ilikuwa inahesabu barua tu, mezani. Safari hii mkubwa mmoja alikuwa ameamua watu waulizwe midomoni mwao, nyumba kwa nyumba. Bwana Hesabu alikuwa kijana mwembamba mwenye ubao wa kuandikia na kalamu tatu, mtu asiyecheka wala kukasirika, kana kwamba hisia nazo zina kisanduku chake na hakipo kwenye fomu. Mwenyekiti alimfuata begani, kavaa tai, akiwasaidia watu kujibu.

"Hapa wanaishi mke na mume, wazee wa mfano," akatangaza walipoingia barazani. "Andika tu: ndoa, imara."

"Anajibu mwenyewe," Bwana Hesabu akasema. "Mama, hali ya ndoa?"

Mshonaji alikuwa mlangoni, uzi mdomoni. Alikuwa amejiandaa kusema lake: nimeolewa, nataka kuachika, huyu hapa ananinyima barua. Basi. Lake peke yake. Aliutoa uzi mdomoni.

Mama akamtangulia. "Nimeachika."

Mwenyekiti akacheka sana. "Mama anapenda mzaha! Andika ameolewa."

"Nimeachika, mwanangu. Mwaka wa kumi na moja."

Kalamu ikaandika. "Mume wa zamani yuko wapi?"

"Huyo hapo. Anakunywa chai."

Fundi Saa akaweka kikombe chini, akavua lenzi, akamtazama mgeni kwa macho yote mawili. "Ni kweli," akasema. "Karibu chai."

Bwana Hesabu akageuza karatasi mbele na nyuma, na kwa mara ya kwanza paji lake likakunjana. "Mnaishi nyumba moja, mmeachana. Mbona mtaa huu haujawahi kuandikisha talaka hata moja?"

"Nilihama kidogo," mama akajibu. "Kwa barua yake Mwenyekiti. Mwandiko wake mzuri sana."

Mwenyekiti alikuwa amegeuka rangi ya chai ya maziwa. "Mama, mimi nilikustiri!"

"Ulinistiri, na nakushukuru. Ila mtoto wangu huyu anataka kupita mlangoni, wewe unamwonyesha dirisha, na dirisha lenyewe limefungwa. Sasa nimechoka kustiriwa." Akavuta ungo wake, akaanza kupepeta.

Bwana Hesabu akainua kalamu. "Mwenyekiti, barua kama hizo umeandika ngapi?"

Mwenyekiti akanyoosha tai yake. Aliyejibu alikuwa ukuta. Nyuma ya ukuta wa uani jirani, mke wa muuza mkaa, alikuwa amepanda juu ya ndoo akisikiliza tangu mwanzo, na sasa akapaza sauti:

"Kumbe inaruhusiwa kusema? Majina mnaandika?"

"Hatuandiki majina," Bwana Hesabu akamwambia ukuta. "Tunaandika idadi."

"Basi njoo na huku!"

Siku hiyo habari ilitembea nyumba tatu mbele ya fomu. Bwana Hesabu alikuta milango imekwisha funguliwa na viti vimetolewa. Wengine walisema kwa kunong'ona, wengine kwa madaha. Mwalimu wa kwaya alisema huku anakatakata kitunguu, apate kisingizio. Mke wa mwenye duka la mabati aliuliza mume aliyesafiri miaka kumi na minne sokoni aandikwe kisanduku gani, na Bwana Hesabu akasimama pale dakika nzima akitafuta. Ilipofika saa kumi jioni mtaa wa juu ulikuwa umefika ishirini na saba, na bado hata nusu ya nyumba hazijafikiwa.

Mwenyekiti alikuwa amekaa kwenye jiwe mbele ya nyumba ya kinyozi, tai mfukoni. Mshonaji akasimama mbele yake. Alikuwa amekusudia kumsema, lakini alipomwona hivyo, mtu mzima aliyenyang'anywa sifuri, akaishia kumsalimia.

"Shikamoo Mwenyekiti."

"Marahaba." Akapapasa koti lake. "Unajua mwaka jana nilipewa kalamu? Ya shaba. Mbele za watu."

"Najua. Ni nzuri."

"Ishirini na saba," akasema, kama mtu anayetaja umri wa marehemu. Kisha akaingiza mkono kwenye koti, akatoa hiyo kalamu. "Karatasi unayo? Ishirini na saba au ishirini na nane, msiba ni ule ule."

*

Ijumaa. Msajili anafungua saa mbili, meli inaondoka saa sita. Mshonaji alikuwa amefanya hesabu zake zote: amgongee Kesho saa kumi na mbili, amnyooshee shati, amburute. Saa kumi na mbili alikuta mlango wa Kesho una kufuli. Akagonga kufuli lenyewe. Jirani akatoa kichwa dirishani, akamwambia jamaa kaondoka na sanduku kabla hakujapambazuka.

"Kaelekea wapi?"

"Barabarani."

Kapanda meli. Mtu ambaye hajawahi kuwahi hata mazishi, leo kawahi bandarini. Mshonaji alishuka ile barabara nusu anakimbia, barua kifuani, akimlaani kwa pumzi chache alizobakiwa nazo, akajiona tayari yuko na mke wa mwenye duka la mabati, wawili kwenye benchi moja, wakisubiri wasafiri.

Kesho alikuwa kakaa kwenye ngazi za ofisi ya msajili, sanduku miguuni, vifungo vyote vimefungwa mpaka cha kooni.

"Tangu saa ngapi?" Mshonaji akauliza, mkono kiunoni, akihema.

"Mlinzi alikuwa bado amelala. Nikamwamsha nikamuuliza, ndiyo leo?" Akasogeza sanduku ampishe akae. "Nilisema nikichelewa na hii, nitakuwa nimekufunga miaka mitatu kwa uvivu tu. Nikaogopa kulala."

Mshonaji akamwangalia huyu mwanamume. Kola ilikuwa imekunjwa vibaya upande mmoja. Mkono wake ulinyanyuka wenyewe kwenda kuinyoosha, akaurudisha. Kisha akaona bora aimalize kazi, akaunyanyua tena, akainyoosha.

"Ungeniwahi hivi mara moja tu," akasema.

"Ndiyo hii."

Walicheka. Wakaingia ndani bado wanacheka, na karani wa dirisha la tatu, mama mnene mwenye miwani ya kamba, akawaonyesha kwa kalamu upande mwingine. "Kufunga ndoa ni dirisha la kwanza, wapendwa."

"Tumekuja kuachana," Kesho akasema.

"Haya. Sababu?" Akasoma kwenye fomu. "Kipigo, uzinzi, kutelekezwa, maradhi."

Wakatazamana. "Andika amechoka kunisubiri," Kesho akasema.

"Hakuna kisanduku hicho."

"Basi fungua."

Karani akavuta midomo, akachora kisanduku kidogo pembeni kwa mkono, akakitia alama. Wakatia saini, kwanza Mshonaji, kisha Kesho, ambaye aliomba kalamu mara mbili lakini akasaini mara moja. Karani akasoma barua ya mtaa, akaishusha miwani, akaisoma tena.

"Mtaa wa juu? Una hakika? Watu wa juu huwa wanakuja na barua za chini."

"Nina hakika. Nalala hukohuko."

Karani akalivuta buku kubwa, akapekua mpaka ukurasa ulioandikwa juu jina la mtaa ule na chini hakuna kitu, mweupe kama siku ulipotoka kiwandani. Akaupangusa vumbi kwa kiganja. Akaandika: moja.

Nje waliagana bila maneno mengi. Kesho akabeba sanduku begani, akashuka kuelekea bandarini kwa mwendo wa mtu mwenye saa. Mshonaji alibaki kwenye ngazi akiipeperusha karatasi yake mhuri ukauke, na ndipo mwanamke mmoja akapanda kumfuata, kajitanda mtandio mpaka kwenye nyusi, miwani myeusi, bahasha ya kaki chini ya kwapa. Mhuri wa Mwenyekiti ulikuwa umemchafua mkono, wino bado mbichi.

"Samahani dada," akanong'ona, sauti ya jirani wa huko juu, Mshonaji aliifahamu vizuri ila hakuonyesha. "Dirisha la sisi wa juu ni lipi?"

"La tatu," Mshonaji akamwambia. "Usiogope. Ukurasa umeshachafuka."